Nani Kawekewa Tarehe? Vita ya Kodi za Matajiri Marekani

Tangu Rais Donald Trump asaini ile sheria yake kubwa ya kodi Julai 4, 2025, kuna swali linalorudi kwenye vimbweta kila mjadala wa siasa za dunia unapopamba moto: hivi Wamarekani hawachoki? Kila baada ya miaka kadhaa Bunge lao linakesha, wabunge wanarushiana maneno, na ugomvi ni ule ule: matajiri waendelee kupunguziwa kodi au basi? Jibu la haraka ambalo wengi wetu tunalitoa ni kwamba chama cha Republican ni cha matajiri, cha Democratic ni cha wanyonge, kwa hiyo lazima wagombane. Lina ukweli wake. Lakini halielezi kwa nini ugomvi ulizuka 2010, ukarudi 2012, ukarudi tena 2025, na kati ya miaka hiyo ukapoa kama vile hakuna kitu.

Ukitaka kuuelewa, acha kwanza kuangalia nani anampenda nani. Angalia tarehe.

Chukulia bando. Mtandao wa simu unakuletea ofa ya GB za kumwaga kwa bei ya chee, mwisho tarehe fulani. Unazoea. Siku ofa inaisha, bei inarudi pale pale ilipokuwa, na hosteli nzima inalalamika kwamba bei imepanda. Kitaalamu hakuna aliyepandisha, ofa imeisha tu. Lakini nenda kawaeleze watu hivyo uone watakavyokujibu. Sasa ofa hiyo iwe ya kodi, ihusu nchi nzima, na iwafunge mtu wa mshahara wa kawaida na bilionea ndani ya kifurushi kimoja. Hapo nusu ya habari umeshaipata.

Ofa yenyewe ilianza na Rais George W. Bush. Alipoingia madarakani Januari 2001 alikuta serikali ina ziada: mwaka wa fedha 2000 ulifungwa na zaidi ya dola bilioni 230 zilizobaki baada ya matumizi yote, kitu ambacho sisi tuliozoea kusikia habari za nakisi hata kukifikiria ni tabu. Hoja yake ilikuwa kwamba hela zimezidi, zirudi kwa wenyewe. Juni 7, 2001 akasaini sheria ya kwanza, na Mei 28, 2003 ya pili. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kikashuka kutoka asilimia 39.6 hadi 35. Kodi ya gawio na ya faida ya kuuza hisa ikashuka hadi asilimia 15, na unajua hisa nyingi ziko mikononi mwa nani. Wa chini nao walipata chao: iliundwa ngazi mpya ya asilimia 10 kwa dola za mwanzo ambazo zamani zilikatwa asilimia 15, na nafuu ya kodi kwa kila mtoto ikapanda kutoka dola 500 hadi 1,000.

Kwa nini sasa iwe ofa na si bei mpya ya kudumu? Naomba uvumilivu kidogo, maana hapa zinaingia kanuni za Seneti na bila hizo habari yote haishikiki. Seneti ina watu 100. Muswada wa kawaida unapita kwa wingi wa kura, lakini kabla ya kura hiyo mjadala lazima ufungwe, na kuufunga kunahitaji kura 60. Upande wenye maseneta 41 tu unaweza kugoma mjadala usifungwe na muswada ukafia pale pale. Mbinu hiyo ndiyo wanaiita filibasta. Kuna mlango wa pembeni, unaoitwa upatanisho wa bajeti: muswada wa mapato na matumizi ukipitia huko, filibasta haiugusi, kura 51 zinatosha, au 50 pamoja na ya Makamu wa Rais.

Ila mlango huo una mlinzi. Kanuni ya Byrd, iliyopewa jina la Seneta Robert Byrd wa West Virginia, inazuia muswada wa njia hiyo usiongeze nakisi baada ya kipindi cha bajeti kilichopangwa, ambacho kwa kawaida ni miaka kumi. Waliotunga kodi za Bush walipita mlango wa pembeni, na kumridhisha mlinzi wakaandika kwamba unafuu wa sheria ya 2001 utaisha Desemba 31, 2010. Sheria ya 2003 ilibanana zaidi: Seneti ilikwenda 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais Dick Cheney aamue kwa kura yake. Kwa hiyo tarehe ile haikutokana na mchumi kukaa na kukokotoa kwamba miaka kumi ndiyo inayofaa. Ilitokana na upungufu wa kura.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni ngazi. Kodi ya mapato kule, kama PAYE yetu, inakata kila kipande cha kipato kwa kiwango chake. Barack Obama alipogombea 2008 aliahidi kuacha ofa ife kwa kipato kinachozidi dola 250,000 kwa wanandoa, 200,000 kwa mtu mmoja, na kuibakiza kwa walio chini ya hapo. Wengi walisikia kwamba mtu wa mamilioni hatapata kitu. Si hivyo. Hata yeye dola zake 250,000 za mwanzo zingekatwa kwa viwango vya chini sawa na nesi au mwalimu. Ubishi ulikuwa juu ya kile kinachozidi. Na hicho kinachozidi si mchezo: tofauti ya 39.6 na 35 ni pointi 4.6, maana yake kila dola milioni moja iliyoangukia ngazi ya juu ilimwachia mwenyewe dola 46,000 mfukoni, kila mwaka. Mwenye milioni kumi kwenye ngazi hiyo, zidisha mwenyewe.

Basi ikafika 2010. Wademokrati wana rais, wana Seneti, wana Baraza la Wawakilishi. Tarehe wanaiona tangu siku ya kwanza. Ungetegemea walete muswada mapema, wapige kura, waende kwenye kampeni wakijisifu. Hawakufanya hivyo. Septemba wakaahirisha, kwa sababu baadhi ya wabunge wao wa majimbo magumu waliogopa kusimama jukwaani huku wapinzani wakitangaza kwamba hawa ndio wapandisha kodi. Novemba wakapigwa vibaya hata hivyo: Warepublican wakajiongezea viti 63 kwenye Baraza la Wawakilishi. Bunge jipya lingeanza Januari. Ikabaki Desemba moja, na wabunge ambao wengine walikuwa wameshaanza kufungasha ofisi zao.

Desemba ile ndiyo somo zima. Tarehe 1, maseneta wote 42 wa Republican walisaini barua: hakuna muswada mwingine utakaosogea mpaka suala la kodi na la fedha za kuendesha serikali yamalizwe kwanza. Tarehe 2, Baraza likapitisha kwa kura 234 dhidi ya 188 muswada wa kubakiza unafuu kwa walio chini ya 250,000 peke yao. Jumamosi tarehe 4 ikawa zamu ya Seneti. Matokeo: 53 kwa 36. Ingekuwa uchaguzi wa rais wa serikali ya wanafunzi, mshindi angekuwa ameshabebwa juu juu. Seneti huko ni kushindwa, kwa sababu hazikufika 60. Siku hiyo hiyo wakajaribu pendekezo la Chuck Schumer la kupandisha kikomo hadi dola milioni moja, yaani wapoteze ofa wale tu wanaopata zaidi ya milioni kwa mwaka. 53 kwa 37. Nalo likaanguka. Wengi walikuwa wamekubali kwamba hata mtu wa milioni moja na ushee asiongezewe muda, na bado akaongezewa.

Hapo ndipo tarehe ilipofanya kazi yake. Kama isingetungwa sheria mpya, Januari 1, 2011 ngazi ya asilimia 10 ingerudi 15, nafuu ya mtoto ingerudi dola 500, na kila mfanyakazi angeliona pengo kwenye mshahara wake wa kwanza wa mwaka. Ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 10. Mafao ya dharura kwa waliokaa muda mrefu bila kazi yalikuwa yamefika mwisho wa muda wake siku ya mwisho ya Novemba. Warepublican hawakuhitaji kushinda kura yoyote ile. Walihitaji kukaa tu na kuangalia kalenda. Obama, kwenye mkutano wake na waandishi Desemba 7, aliilinganisha hali hiyo na kujadiliana na watekaji nyara, na mateka akawataja kuwa ni wananchi wa Marekani.

Akakubali kununua mateka. Ofa iliongezwa miaka miwili kwa wote, tajiri na maskini. Yeye akapata mafao ya wasio na ajira kwa miezi 13 zaidi, na makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwenye mishahara yakashuka kutoka asilimia 6.2 hadi 4.2 kwa mwaka 2011. Wenzake wakapata na nyongeza: kodi ya mirathi ikawekwa asilimia 35, tena kwa mali inayozidi dola milioni 5 tu. Gharama ya mkataba mzima ilikadiriwa kuwa dola bilioni 858.

Bernie Sanders, seneta huru wa Vermont, alisimama Desemba 10 akazungumza zaidi ya saa nane kuupinga. Watu wanaisimulia hotuba ile kama filibasta, kumbe kiutaratibu haikuzuia kura yoyote. Seneti ikapitisha Desemba 15 kwa 81 dhidi ya 19. Baraza likapitisha usiku wa kuamkia tarehe 17 kwa 277 dhidi ya 148, na siku hiyo Obama akasaini. Wademokrati wa Baraza waligawanyika karibu katikati, 139 wakikubali na 112 wakikataa. Kwa hiyo huu tunaouita ugomvi wa vyama viwili, usiku ule ulikuwa pia ugomvi ndani ya chama kimoja, wote wakimchukia bilionea kwa kiwango kile kile lakini wakibishana kama mateka aachwe aumie.

Haki itendeke: Warepublican nao walikuwa na hoja. Walisema kupandisha kodi uchumi ukiwa umelala ni kumpiga mgonjwa, na kwamba biashara nyingi ndogo kule hulipa kodi kupitia kipato binafsi cha mwenye biashara, kwa hiyo ukiigusa ngazi ya juu unamgusa na anayeajiri. Hoja ya kwanza ina uzito. Obama mwenyewe aliitumia kutetea mkataba. Kinachoidhoofisha ni kwamba Ofisi ya Bajeti ya Bunge, chombo kisicho na chama, ilipozipima mwaka huo njia mbalimbali za kuchangamsha uchumi, mafao ya wasio na ajira yalikuwa juu kabisa na punguzo la kodi ya mapato lilikuwa mkiani. Sababu yake hata wewe wa bumu unaijua. Mpe mtu aliyefulia laki moja, kesho haipo, imeshaingia kwenye mzunguko. Mpe mwenye mabilioni, ataiweka.

Nisilipite bila kulitaja kituko cha kodi ya mirathi. Kwa jinsi sheria ya 2001 ilivyoandikwa, kodi hiyo ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka mpaka 2010, mwaka ambao ilikuwa sifuri, halafu 2011 irudi kwa asilimia 55. Yaani serikali ilitunga sheria ambayo tajiri akifa Desemba 31 warithi hawalipi kitu, akifa kesho yake wanalipa zaidi ya nusu ya kile kinachozidi kikomo. George Steinbrenner, mmiliki wa timu ya New York Yankees, alifariki Julai 2010, katikati kabisa ya mwaka huo wa bure.

Miaka miwili ikaisha na wakarudi pale pale. Safari hii Obama alikuwa ameshinda muhula wa pili, na kalenda ikamgeukia aliyekuwa anaisubiri, kwani Obama sasa alikuwa tayari kuacha ofa yote ife kuliko kuwaongezea tena matajiri. Tatizo la Warepublican lilikuwa ahadi. Karibu wote walikuwa wamesaini ahadi ya taasisi ya Grover Norquist kwamba hawatapiga kura ya kupandisha kodi, iwe isiwe. Sasa tazama walivyotoka. Seneti ilipiga kura mnamo saa nane usiku, Januari 1, 2013: 89 kwa 8. Baraza likapiga usiku wa siku hiyo hiyo, 257 kwa 167, na waliokubali upande wa Republican walikuwa 85. Saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita, ofa ya Bush ilikuwa imekufa, kodi za watu wote zilikuwa zimeshapanda kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo kura iliyomwacha tajiri kwenye asilimia 39.6 na kuwarudishia wengine unafuu wao ilihesabika kuwa kura ya kupunguza kodi! Maudhui yale yale saa chache kabla yangekuwa usaliti.

Kikomo kilichokubaliwa kilikuwa dola 400,000 kwa mtu mmoja na 450,000 kwa wanandoa, juu kabisa ya kile alichokiahidi Obama, na kwa walio chini ya hapo unafuu ukafanywa wa kudumu. Yule punguzo wa makato ya hifadhi ya jamii, ambaye kila mfanyakazi alimfaidi, aliachwa afe kimya kimya. Hakuwa na mtetezi.

Sheria ya Trump ya Desemba 2017 nitaipitia haraka. Mlango ule ule wa pembeni, kura za chama kimoja, 51 kwa 48 Seneti. Shika kitu kimoja tu: kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21 moja kwa moja, bila tarehe. Unafuu wa watu binafsi, pamoja na ule wa ngazi ya juu iliyoshuka hadi 37, ukawekewa mwisho wa 2025. Kulikuwa na nafasi chache za kudumu ndani ya hesabu, na aliyepewa kiti ni kampuni.

Hivyo 2025 mlio ukawa ule ule: tusipoongeza muda, kodi ya kila Mmarekani inapanda. Seneti ikapiga 50 kwa 50 Julai 1, Makamu wa Rais JD Vance akaamua. Baraza likapitisha Julai 3 kwa 218 dhidi ya 214, baada ya kiongozi wa Wademokrati Hakeem Jeffries kuzungumza saa 8 na dakika 44. Ni rekodi ya Baraza, na haikubadili kura hata moja.

Jipya lilikuwa kwenye hesabu. Maseneta wa Republican walisema kuendeleza viwango vilivyopo hakugharimu kitu, kwa sababu ndivyo watu wanavyolipa tayari, na Lindsey Graham, mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Seneti, akasema kuchagua kipimo ni mamlaka yake. Rudi kwenye bando. Ni sawa na kujiunga tena wiki hii halafu uape kwamba hujatumia hela kwa sababu na wiki iliyopita ulikuwa na bando. Kwa kipimo cha kawaida, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria sheria nzima itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Kwa kipimo kipya mlinzi wa mlango alilainika, na viwango vya 2017, pamoja na ile 37 ya ngazi ya juu, vikawa vya kudumu. Msamaha wa kodi ya mirathi nao ukapanda hadi dola milioni 15 kwa kila mtu kuanzia 2026, bila kikomo cha muda.

Sehemu ya fedha za kufidia ilitafutwa kwenye Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na kwenye msaada wa chakula. Makadirio ya ofisi ile ile ni kwamba kufikia 2034 watu wasio na bima wataongezeka kwa takribani milioni 10. Sharti jipya la kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi ili ubaki Medicaid limepangwa kuanza kwa ujumla Januari 2027. Uchaguzi wa wabunge ni Novemba 2026. Sidhani kama aliyepanga hivyo alikosea kusoma kalenda.

Na kuna kipande kinachotufikia moja kwa moja. Tangu Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa fedha taslimu au hati za malipo zinazofanana nazo anakatwa asilimia 1. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 5 na liliwalenga wasio raia, likashuka 3.5, mwisho ikawa 1 kwa mtumaji yeyote. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani hakatwi. Kama kuna shangazi au kaka anayekutumia ada kutoka Houston au Minneapolis kwa kupeleka noti dirishani, mwambie atumie akaunti. Kwenye dola 200 ni dola 2, wala si hela ya kulilia, lakini kodi hiyo imeandikwa bila tarehe ya kuisha.

Walioandikiwa tarehe ni wengine. Mhudumu wa mgahawa, aliyepigiwa kampeni kwamba bahashishi zake hazitatozwa kodi, amepewa msamaha wenye kikomo cha dola 25,000 kwa mwaka, mpaka mwisho wa 2028. Anayefanya kazi saa za ziada, hadi 2028. Mzee wa miaka 65 na kuendelea aliyepewa nafuu ya dola 6,000, hadi 2028. Uchaguzi wa rais utakuwa Novemba ya mwaka huo. Desemba yake, atakayetaka chochote kutoka kwa mwenzake atakuwa na hao watatu wa kuwaweka mezani, na mrithi wa dola milioni 15 hatahitaji hata kufuatilia taarifa ya habari.